Saa Nane ya Ng'ambo

Mjukuu wangu Tusekile,

Ugonile. Hapa Njisi tu wazima. Bibi yako ameanika kakao, nami nimekaa karibu nayo kwa sababu wingu lililo juu ya ziwa siliamini.

Unaniuliza kama mwenzako wa chumbani alikupotosha kwa makusudi mlipolinganisha ratiba za muhula, na kama inafaa uhame chumba. Huenda alikusudia. Lakini nami nilipokuwa chuoni, ratiba yangu ilipolowa mvua, nilimwuliza Asajile, kijana wa ng'ambo ya Mto Songwe. Akasema somo la sarufi lingeanza saa nane. Mwalimu alikwisha kutuonya kwamba atakayekosa siku ya kwanza ataondolewa katika somo hilo.

Saa nne asubuhi nikawaona wenzangu wakitoka darasani.

"Umeitaka nafasi yangu," nilimwambia Asajile.

"Nafasi gani, ndugu? Nimekushikia kiti tangu saa nane."

"Saa nane haijafika."

"Imekwisha kupita."

Akanionyesha saa ya ukutani. Kwao Malawi huisoma kama mishale inavyoonyesha, hivyo saa mbili yetu ya asubuhi ni saa nane yao. Alinipeleka kwa mwalimu, akaeleza, nikabakizwa katika somo.

Hata hivyo nilimchunguza muhula mzima, nisimkamate kwa lolote. Neno "mchana" hakulitamka yeye, nililiongeza mimi.

Basi kabla hujahama, mwulize mwenzako alisema nini hasa. Kisha uniandikie jibu lake, bila kuongeza neno.

Ndaga.

Babu yako