Ulikuwa Unakwangua Mkate wa Nani?

Mama,

Shikamoo. Najua ungesema shikamoo ya kwenye karatasi haiitikiki, lakini nikianza bila hiyo nitajisikia kama nimeingia chumbani kwako bila kupiga hodi.

Nimekaa mezani, kiti changu kilekile kinachotazama mlango wa jikoni. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na upepo wa hapa kwetu Ipagala umeshaanza kazi yake. Nimefuta meza, nikageuka, nikaikuta ina vumbi tena. Baba yuko nje anamwagilia mzabibu wako wa ukutani. Umezaa safari hii, ila ndege wanatuwahi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisema? "Nyemo, na wewe! Maswali yako haya yatakufikisha Kondoa kwa miguu." Basi mwaka huu yamenifikisha Mlali, kwa basi, na nilichokuwa nakitafuta ni habari za mkate. Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze.

Kesi yenyewe unaijua, wewe ndiye ulikuwa upande mmoja. Baba, karani wa mahakama hata baada ya kustaafu, alitaka mkate wake namba mbili kwenye tosta, mweupe, umepata joto tu. "Mkate unahitaji joto, hauhitaji adhabu," alikuwa akisema. Wewe ulitaka namba tano, na siku nyingine unaurudisha mara ya pili mpaka moshi unafika sebuleni. Ukiutazama wa Baba unasema, "Huo mbichi, ukiumwagia maji utaota." Naye anajibu kwamba wako ukiangukia kwenye gunia la mkaa hatutauona tena. Wewe unasema umeiva, yeye anasema umeungua. Miaka yote ile, asubuhi kwa asubuhi, tangu enzi za wavu juu ya jiko kabla hatujanunua tosta, mmebishania maneno hayo mawili na hakuna aliyesogea hata kidogo.

Na mimi nilikuwa wako. Nilitangaza nikiwa darasa la kwanza, nimesimama juu ya kiti: "Na mimi kama Mama!" Baba akainua mikono akasema wawili kwa mmoja, anakata rufaa. Tangu siku hiyo ikawa ndivyo: Baba mweupe, sisi wawili weusi. Nilijivunia sana, Mama. Sikuwa na sura yako wala sauti yako, kila mtu alisema nimechukua kwa Baba mpaka masikio. Mkate ndio tu nilikuwa nao.

Sasa, siku ya kukuzika. Miezi saba imepita lakini hilo nalikumbuka vizuri kuliko hata kaburi. Mama mdogo Yudita alikuwa anasoma wasifu wako kanisani. Alipomaliza kusoma akaikunja karatasi, akasema la kwake. Akasema dada yake alikula mkate ulioungua maisha yake yote ili mume na mtoto wale mzuri. Kanisa zima likaangua kilio. Mchungaji akaliokota hilohilo akalihubiri. Kwenye matanga wakinamama wote walionishika mkono walinisimulia mkate wako kana kwamba mimi sikuwa naishi humu ndani.

Nikataka kusema hapana, Mama alikuwa anaupenda. Lakini katikati ya kilio likaniingia swali, na likishaniingia swali unanijua. Nilikumbuka sauti ya kisu. Kila asubuhi umetupa mgongo, umesimama pale karibu na sinki, kwaru, kwaru, kwaru. Ulikuwa unakwangua mkate! Sasa mtu anayependa mkate mweusi anakwangua nini?

Nikamwangalia Baba. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikajisemea, kumbe anajua.

Mama, nilimchukia. Nakwambia ukweli kwa kuwa hutanipiga kofi. Nilimwona mzee aliyekaa miaka thelathini anakula mkate mzuri, huku mkewe anameza masizi na kumchekea. Na mimi pia nilikuwa nimekula mweusi pamoja nawe nikidhani nakuunga mkono. Tosta tuliifunika na kile kitambaa chako cha kufuma, hakuna aliyekubaliana na mwenzake, ilitokea tu. Tukawa tunakula viazi vya kuchemsha, kila mtu na kona yake. Nikatafuta chumba karibu na ofisi kule Mtumba. Nikamwambia Baba ni kwa sababu ya umbali. Akasema, "Sawa, mwanangu. Barabara ni ndefu kweli." Nilikasirika zaidi kwa sababu hakubisha.

Lakini lile swali halikunipa raha. Kama ulikuwa unajinyima, basi sikuwahi kukujua. Yaani kile kitu kimoja nilichodhani ni chetu wawili kilikuwa uongo. Nilitaka kujua, hata kama jibu lingekuwa baya.

Nikaanza na Mama Rehema, mwenzako wa cherehani. Nilimkuta palepale sokoni, cherehani yako amemwachia binti mmoja anayeshona sare za shule. Nikamuuliza. Alicheka mpaka akauchomoa uzi. Akanikumbusha mlivyokwenda harusini Morogoro mkalala gesti, na asubuhi ukabeba sahani yako mpaka jikoni kwa mpishi, ukamwambia: "Mwanangu, huu mkate umeuonyesha moto tu, hujauchoma." Mama Rehema alitamani ardhi ipasuke kwa aibu. Akaniambia, "Nani kasema alikuwa anajinyima? Mama yako huyu huyu? Labda mwingine."

Nilitoka pale nimefurahi. Nilipofika nyumbani furaha ikaisha, maana kisu bado kilikuwa kinakwangua kichwani kwangu. Jumamosi iliyofuata nikapanda basi kwenda Mlali.

Mama mdogo alinipokea na mbukwa yake, salamu ya Kigogo, ya kupiga magoti nusu, akanikalisha jikoni. Alisonga ugali wa uwele, na alipoupakua akanisukumia sufuria. "Kula ukoko huo upesi. Angekuwepo mama yako ungeusikia kwa harufu tu. Tulikuwa tunaupigania mpaka mwiko unavunjika." Nikauvunja ukoko, mkavu, mweusi kwa chini, unalia mdomoni. Nikamuuliza: sasa mama mdogo, mtu wa ukoko hivi, ashindwe kupenda mkate mweusi? Mkono wake ukabaki hewani na tonge lake. Kisha akasema, "Lakini nilimwona kwa macho yangu anaukwangua." Lini? Yeye alipokuja kwetu kutibiwa jino. Mara ngapi? Asubuhi moja.

Asubuhi moja, Mama! Kanisa zima lililia kwa ajili ya asubuhi moja. Ila sikuweza kumlaumu, maana mimi niliisikia sauti hiyo asubuhi zote na sikuwahi kuinuka kwenda kuangalia.

Basi Jumamosi iliyopita nikaamua kufanya mtihani wangu mwenyewe. Nikafunua tosta. Nikaweka namba tano, slesi mbili. Ilipoanza kunuka nilishika ukingo wa meza, maana nyumba ilinukia wewe, wewe mzima, na kanga yako ya asubuhi. Nikatulia mpaka iruke. Nikauma.

Mama, mchungu ule! Nilikohoa, machozi yakanitoka, nikaenda kutema kwenye sinki. Nikadhani ni mkate wa duka jipya. Nikachoma mwingine. Uleule. Nikakaa chini na ile slesi mkononi, nikiitazama. Nimekula mkate mweusi tangu darasa la kwanza mpaka wiki uliyoondoka, na huu sikuwa naujua kabisa. Ulimi wangu haukuwa unaujua.

Ndipo Baba akaingia. Alikuwa ameshika mpira wa maji, hakuufunga, unamwaga sakafuni. "Nani anachoma?" Niliona uso wake. Nadhani kwa muda mfupi sana alikuwa amesahau.

Nikamuuliza kwa ukali, sikumpa hata nafasi ya kukaa. Mbona mkate huu siujui? Nilikuwa nakula nini miaka yote? Baba akaitazama slesi, akanitazama mimi, akacheka. Hajacheka tangu uondoke. Akacheka mpaka akakaa, na maji yanaendelea kumwagika.

"Wewe hukuwahi kula mkate mweusi hata siku moja," akasema.

Akanisimulia. Siku ile niliposimama juu ya kiti, ulinipa mweusi. Nikautia mdomoni, macho yakajaa maji, nikasema mtamu. Ukaniona. Kesho yake ukatupa mgongo ukaanza kukwangua wangu, pande zote mbili, mpaka ubaki wa kahawia, kisha ukaupaka siagi nene ili nisijue. Baba alikwambia si umchomee tu namba mbili, yaishe. Nawe ukamjibu, "Mwache. Hataki mkate huyo, anataka kufanana na mimi." Ukamwapisha asiseme.

Mama, jamani.

Na nilikuwa na ushahidi mezani kila siku! Nyinyi mlikuwa mnapaka siagi wenyewe. Wangu ulikuja umeshapakwa. Nilipofika kidato cha nne nilikugombeza, nikasema mimi si mtoto, nipake mwenyewe. Ukasema, "Kaa hapo, utachelewa." Nilidhani unanidekeza tu. Nimemaliza chuo, nimepata kazi, ninavaa kitambulisho cha ofisi shingoni, bado unanikwangulia. Hata wiki ile ya mwisho, mkono umevimba, kijiko chenyewe kinakuponyoka, niliisikia ile sauti, polepole. Nilikuwa nasoma simu.

Nililia, Mama. Nililia kuliko siku ya kukuzika, na Baba akaniacha nilie, akaenda kufunga bomba maana maji yenyewe ni ya kusubiri zamu.

Aliporudi nikamuuliza kwa nini alinyamaza kanisani. Akasema, "Nisimame msibani nibishanie mkate? Wangesema mzee amechanganyikiwa. Halafu ili nijitetee ingebidi nikutaje wewe, na niliapa." Basi kwa kiapo cha slesi ya mkate alikubali nimwangalie kwa jicho baya miezi saba. Nikamwambia, Baba nisamehe. Akavuta kiti. "Shauri limefungwa," akasema. "Nichomee namba mbili."

Jumapili baada ya kanisa tukafanya jambo ungelilaani kwa kuharibu mkate. Tulichoma namba moja mpaka sita, tukazipanga kwenye sinia. Nikafumba macho, Baba ananilisha moja moja, anaandika kwenye daftari kwa ule mwandiko wake wa mahakamani. Sasa sikia, nina habari yako. Mimi ni namba tatu, Mama. Si ya Baba, si yako. Nimejua nikiwa na miaka thelathini na moja. Na ukiikwangua tano vizuri ukaipaka siagi, inakuja palepale karibu na tatu. Wewe ulijua kabla yangu.

Bado nina maswali, usidhani umepona. Ule unga mweusi uliokwangua ulikuwa unaupeleka wapi, mbona sinki lilikuwa safi? Ulikuwa unanicheka moyoni nilipokuwa nasifu mweusi mbele ya wageni? Na kisu kile chenye mpini uliofungwa uzi, ulikifunga wewe ili kisikuteleze? Nimekitafuta droo zote. Baba alikuwa amekihifadhi kwenye kabati lake, katikati ya mafaili.

Chumba cha Mtumba nimekiacha. Barabara ni ndefu, ndiyo, lakini Baba hawezi kubishana peke yake. Kila asubuhi tunachoma slesi tatu: namba mbili yake, namba tatu yangu, na moja ya namba tano ambayo hatuili. Tunaiacha inukie, kisha ndege wa mzabibu wanaipata.

Tukija kujengea kaburi nitasimama mbele ya watu walewale, na mama mdogo akiwepo, niseme mama yangu alikula mkate mweusi kwa sababu alikuwa anaupenda, na akitokea wa kubisha nitamwita Mama Rehema. Sitaki walilie mdomo wako. Mdomo wako ulikuwa na raha.

Hilo jingine la kukwangua sitawaambia. Hilo nakuahidi wewe peke yako. Mungu akinipa mtoto, na siku moja akasimama juu ya kiti akasema anataka mweusi kama mama yake, sitamkatalia. Nitamchomea tano. Nitampa mgongo, nitachukua kisu chako, na kama ana akili kuliko mimi, atainuka kuja kuangalia.

Pumzika, Mama. Nakwenda kumwita Baba, mkate umeruka.

Mwanao wa namba tatu,
Nyemo