Koti la Iraj na Kukataa Mara Tatu

Jumamosi, 16 Dei
Binti yangu Golnush anafika kesho kutoka Ubelgiji. Na "mwenzake wa kazini". Mwenzake wa kazini! Nimefundisha jiografia miaka thelathini, umbali naujua. Hakuna anayekuja Hamadan kwenye baridi hii ya mwezi wetu wa Dei kumwona mama wa mwenzake wa kazini. Mgeni huyo atalala kwa kaka yangu Jahanbakhsh, majirani wasipate la kusema.

Jumapili, 17 Dei
Anaitwa Lukas. Mrefu, mpole — na shati la mikono mifupi! Theluji imefika magotini. Alidhani nchi yetu ni mchanga na jua tu. Kanisalimia kwa Kiarabu, kajifunza wiki mbili nzima, maskini. Nikamjibu "mersi", kama tunavyoshukuru hapa siku zote. Akachanganyikiwa zaidi. Golnush akawa anatafsiri, nami nikarudi darasani: Waarabu ni jirani zetu, sisi ni Waajemi, lugha yetu ni nyingine kabisa, na mji huu ulikuwa makao ya wafalme kabla watu wengi hawajawa hata na miji. Nilisimama kabisa kuyasema hayo!

Akauliza ngamia wako wapi.

"Mwambie wamekwama kwenye theluji, nyuma ya mabasi."

Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Hilo nimelipenda.

Jumatatu, 18 Dei
Nimefanya ujinga. Alikuwa anatetemeka, nikamvika koti la marehemu mume wangu Iraj, lile la sufu ya kahawia ambalo mfuko wake niliushona kwa uzi mwekundu. Akalipapasa, akasema zuri sana. Nami — mdomo huu! — nikasema tunachosema wote: "Ni lako, wala halifikii hadhi yako."

Mtoto wa miaka mitano hapa anajua kinachofuata. Mgeni anakataa, mwenyeji anasisitiza, mpaka mara tatu, kisha koti linarudi kwenye msumari wake ukutani. Lukas akaweka mkono kifuani, akashukuru, akaondoka nalo! Eti alisoma mahali kwamba ukikataa zawadi ya Mwajemi umemtukana.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Jumanne, 19 Dei
Msumari mtupu. Tangu Iraj afariki, miaka sita, haujawahi kuwa mtupu.

Golnush: "Mama, nimwambie?"

Thubutu! Katika nyumba hii neno likishatoka halirudi. Nimelia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Jumatano, 20 Dei
Leo asubuhi alipanda juu ya paa bila kuombwa, akakomba theluji yote. Amevaa koti. Jirani yangu Shahin aliuona mgongo tu, akapiga kelele kutoka barabarani, kama alivyozoea kumwita marehemu: "Iraj Khan!" Kisha Lukas akageuka na nywele zake za njano. Shahin akaketi palepale kwenye theluji.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilitaka kukasirika, sikuweza. Linamkaa vizuri, hasa mabegani.

Alhamisi, 21 Dei
Wanaondoka. Teksi iko nje. Jahanbakhsh, hajui kunyamaza, kamwambia kila kitu jana kwa Kiingereza chake kibovu. Lukas kasimama mlangoni na shati lake lile lile, koti kalikunja, kalishika kwa mikono miwili.

"Bi Mahlagha, nisamehe. Sikujua. Hili ni la mume wako." Golnush akatafsiri.

Mkono wangu ulitaka kulinyakua. Mdomo ukasema: "Haiwezekani! Ni lako."

"Tafadhali, Bi Mahlagha."

"Abadani! Nilikupa kwa moyo mmoja."

Mwongo mimi. Golnush kageukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikakimbilia chumbani, eti natafuta mkate mtamu wa safari, na ndipo ninapoandika haya, nimesimama. Nimekataa mara mbili. Tangu juzi naomba ajifunze kuhesabu mpaka tatu.

Theluji imeanza tena. Teksi inapiga honi. Atasafiri na shati lile?

Anabisha mlango wa chumba. Taratibu, kama mtu aliyelelewa hapa. Hii ndiyo ya tatu, sasa naruhusiwa kulipokea koti, na lile "haya, lete" nililoliweka tayari siku zote hizi silioni tena —