Boksi Halikufunguliwa

Bushaib, mdogo wangu,

Sisi wazima. Tamasha la farasi limekwisha, hema tumelikunja jana. Farasi wa mjomba Miludi anachechemea kidogo, atapona.

Nyama niliigandisha siku mbili kabla. Nikaipanga kwenye boksi pamoja na barafu, nikalifunga kamba, nikalifunika blanketi lililoloa, nikaliweka kivulini. Jua lilikuwa kali mno. Kufika siku ya tatu majirani walishamwaga nyama zao.

"Lalla Fattuma, ya kwako unaisomea dua?" wakanitania.

Nikacheka tu. Ningewaambia nini? Kwamba safari hii hakuwepo wa kufunua boksi kila saa akitafuta soda, kama safari iliyopita, mpaka nikamfokea mbele ya mahema yote, "Mkono wako hautulii! Toka hapa, utatuozeshea nyama!" Nawe ukatoka kweli, ukaenda kuibukia Italia.

Tumerudi na nusu ya nyama, ngumu kama jiwe. Mama akaishika, akasema, "Mwaka huu nyama imebaki," akaingia chumbani kwake.

Kamba ya boksi nimeitupa. Mwakani njoo, ufungue utakavyo. Ikioza, na ioze.

Dada yako,
Fattuma