Mkokoteni Katikati ya Mto

Bariadi,
Agosti 2000

Baba yangu mpendwa,

Mwadila, baba. Natumaini barua hii itakukuta kwa kaka Masunga, bandeji imeshatolewa jichoni, na unailalamikia chai ya Mwanza kwa uhaba wa maziwa. Huku hatujambo. Mama kiuno kimemwachia, ameanza tena kugombana na mbuzi wa jirani. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na mama anasema jina utampa wewe ukirudi.

Najua unarudi kugombea udiwani. Kiti hicho umekikalia tangu enzi za chama kimoja, mimi nikiwa bado darasa la kwanza, na najua kukikosa kutakuuma kuliko jicho. Umeshasikia pia kwamba safari hii unashindana na Abubakari Uledi, yule kijana wa kompyuta ninayemfanyia kazi. Watu watakuletea habari zake vipande vipande, kila mtu na chumvi yake. Nimeona bora uzipate kwangu, zikiwa nzima.

Baba yake unamfahamu, ndiye yule muuza vitambaa wa karibu na stendi. Ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa watu binafsi, Abubakari akarudi kutoka Dar na kompyuta moja na jenereta linalonguruma kama mashine ya kusaga. Kampuni zikawa zinamfuata awaambie waweke wapi vituo vya kununulia pamba na wapeleke malori mangapi. Walimwita mshauri. Akavaa tai katika vumbi hili la Bariadi, nami nilipoanza kumchapia kazi nilikuwa nacheka kimoyomoyo.

Msimu uliopita kampuni moja ilimwomba ushauri wa kupunguza vituo. Akatazama ramani, akaona kituo cha Mwakidiga na kile cha ng'ambo ya mto vimekaribiana mno, akashauri cha Mwakidiga kifungwe. Ramani haikumwambia kwamba wakati wa pamba mto hauna maji, una mchanga mtupu, na mkokoteni uliojaa ukiingia pale unazama hadi kwenye ekseli. Mtoto yeyote wa huku angemwambia. Hakumuuliza yeyote, na mimi niliyechapa ushauri ule sikuufikiria hata kidogo.

Wazee wa Mwakidiga wakaitisha dagashida, ule mkutano wetu wa jadi usio na meza kuu, ambako kila aliyefika husema. Wakamwita na yeye. Nilimshauri asiende, kwani mtu wa mjini hakuna wa kumlazimisha. Alikwenda, akaketi chini kama wengine. Mjomba Mihayo alipouliza ni nani aliyefunga kituo, nilidhani atasema ni kampuni. Akajibu kwamba ni yeye, na kwamba mto ule hakuwahi kuuona.

Watu walishauriana kwanza. Kisha wakaamua. Hawakutaka ng'ombe wala fedha, walitaka avushe mkokoteni mmoja wa pamba kwa mikono yake, mchana, kila mtu akitazama. Baba, ungekuwepo ungecheka hadi machozi. Aliwabembeleza maksai wa kuuvuta kwa Kiswahili cha Kariakoo nao wakamtazama tu, mpaka mjomba akamwonea huruma, akawasemesha Kisukuma. Katikati ya mto mkokoteni ukazama. Hapo hatukucheka tena. Alivua viatu na tai, akashusha magunia, akayabeba mgongoni moja baada ya jingine hadi ng'ambo, akarudi kuukwamua mkokoteni. Alipomaliza alimwambia mjomba kwamba sasa amejua umbali.

Jumatatu alikwenda kwenye kampuni kuomba kituo kifunguliwe. Mkubwa wao akamwambia kwamba hakuajiriwa kuwaletea vilio vya wakulima. Akaacha kazi yao, na kampuni nyingine zikamkimbia. Ofisi ikapoa. Yeye akawa anakwenda kila dagashida, siku nyingine kwa baiskeli, kusikiliza tu, na kompyuta ile ikaanza kuchapa maombi ya wanakijiji kwenda halmashauri. Kazi hiyo aliifanya bure na kwa furaha, nami nilimheshimu kuliko mwajiri yeyote niliyewahi kumwona. Kabla hujauliza, hajanichumbia.

Maombi ya kwanza yaliletwa kwako, baba. Ulimwambia mjomba Mihayo kwamba hili ni soko huria na diwani hana la kufanya. Mjomba alirudi Mwakidiga. Hakukusema vibaya hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Sasa nakuambia lile ambalo nimelizungusha tangu mwanzo. Watu wanadhani Abubakari alijileta mwenyewe. Hapana. Dagashida ilipotafuta mtu wa kuwasemea, alikataa, akasema yeye ni mtoto wa duka, hana hata ng'ombe mmoja, wala hana chama. Wengine hawakuthubutu kumtaja mtu kwa sababu jina lako lilikuwa linaogopwa. Aliyesimama na kulitaja jina lake ni mimi. Nilisema kwamba baba yangu nampenda, lakini mto huu hajauvuka siku nyingi. Baada yangu ndipo wengine wakasimama, naye akakubali, na chama cha kumsimamisha kikatafutwa. Mama anajua. Alilia, halafu akanipikia.

Sikuombi radhi, kwa kuwa ningeulizwa leo ningesema vilevile. Nilitaka tu usilisikie kwa mtu mwingine. Kura yangu nitampa yeye.

Msalimie kaka Masunga na wifi, na watoto wote. Ukipanda basi, mtume mtu atupe habari. Nitakuja stendi kukupokea na nitapiga goti kukuamkia kama siku zote. Ukiniitikia, nitabeba mzigo wako hadi nyumbani. Usiponiitikia, nitaubeba hivyohivyo.

Mwanao,
Nyamizi