Aliyempikia Optatus

Mikumi,
Jumatano.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lumuma, goti limepoa na vitunguu vimeshika vizuri. Mimi sijambo. Mdogo wangu Optatus bado yuko wodini, lakini tangu Jumapili hajaanguka.

Uliponituma nije kumchunguza mkewe, nilikuja na jibu langu tayari. Optatus hakuwahi kuanguka kifafa kabla ya kumwoa Filomena, na Filomena anauza kitimoto, nyama ya nguruwe, stendi. Basi macho yangu hayakumtoka. Nilionja mboga kabla ya mgonjwa, nikapekua mkoba wake, hata chumvi niliinusa. Aliniona, akaendelea kunitengea chakula. Nikasema huo ndio ujanja wenyewe.

Juzi daktari alituonyesha picha ya kichwa aliyopigwa Morogoro. Alisema Optatus alikula mayai ya tegu, yakatoa minyoo michanga iliyojikita kwenye ubongo. Kwa miaka mwili haukuitambua. Sasa imezeeka, inakufa, na mwili umeshtuka, unapigana nayo. Uvimbe wa mapigano hayo ndio unaomwangusha. Nilimwuliza kama si ile nyama ya Filomena. Alijibu kwamba nyama isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni, lakini mayai hutoka chooni kwa mwenye tegu, kupitia mikono isiyooshwa vizuri. Filomena alipimwa, hana. Ndipo daktari akauliza nani alikuwa akimpikia Optatus miaka minne, mitano iliyopita.

Filomena alinitazama.

Mama, miaka ile Optatus alikuwa anakaa kwangu Magomeni. Nilikuwa nikiona vipande vyeupe, bapa, vinajongea chooni. Nilijua ni tegu. Niliona aibu kwenda kupimwa, nikajiambia vitaisha vyenyewe. Na kila mchana nilimkatia kachumbari kwa mikono hii. Mimi ndiye niliyemlisha, si mkewe.

Leo asubuhi nimemweleza daktari, amenipima na kunipa dawa. Jumamosi ukoo unakaa ili Filomena arudishwe kwao Masanze. Nakuomba uwaambie wakae, ila wanijadili mimi. Filomena mwenyewe bado sijamwambia. Nimeanza kwako kwa sababu yeye ndiye ninayemwogopa zaidi.

Nisalimie kaka Kasian na wote wa nyumbani. Filomena anakusalimu sana. Ameniletea uji hapa ninapoandika, na hajui nimeandika nini.

Mwanao,
Salome