Wewe au Baba Mdogo Ratemo

Gesima,
Jumapili, 9 Juni 1974.

Kwako Baba Jemimah,

Sisi hapa tuko wazima na mvua inatosha. Jemimah ana meno mawili sasa, na anauma hata anayempenda.

Juzi tukingoja kupimiwa majani ya chai, wazee waliwalinganisha tena, wewe na baba mdogo Ratemo: katika mpira wa kikapu, nani mkali zaidi kwa kupigania mpira chini ya goli?

Mmoja akasema, "Ratemo aliruka bila viatu, kabla ya uhuru! Huyu wa Nairobi mvue raba umwone."

Mzee Nyangate akamcheka: "Ratemo aliruka na wafupi wenzake. Zachariah anawapokonya majitu!"

Mimi najua ni wewe, lakini nilinyamaza kwa sababu baba yako alikuwepo. Ndipo akasema, "Ratemo hakucheza Sabato."

 Wote wanajua ndiyo maana alikufukuza: ulicheza Jumamosi.

Kubishana na baba mkwe siwezi. Basi nikamsemesha mtoto mgongoni: "Jemimah, muulize babu, baba yako akija atafukuzwa tena?"

Babu naye akamjibu mtoto: "Mwambie mama yako, baba yako aje Ijumaa kabla jua halijatua, twende kanisani pamoja. Jumapili acheze na Ratemo pale shuleni, nione mwenyewe."

Ratemo ameshaanza kuruka-ruka nyuma ya nyumba, akidhani hatumwoni.

Nami nimefua raba zako za zamani. Ijumaa utazikuta zimekauka.

Ni mimi anayekuombea,
Loice