Siku Athumani Alipokosa Neno

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zikufikie huko ugenini. Sisi tu wazima. Mamako homa imemtoka, na shangazi yako kapata mtoto wa kike.

Umeniuliza kama nilipata kuposwa kabla ya babu yako. Naam, na Athumani, kuli wa bandarini Mbaraki. Wakati wa vita mzigo ulichopoka kwenye winchi ukampiga kichwani. Akapona, lakini sikio moja lilikufa, na maneno yakawa yanamponyoka: akitaka chumvi husema kamba. Akili yake ilikuwa timamu, mimi nilimfahamu.

Siku ya nikaha nilichungulia nyuma ya pazia. Shehe akamuuliza kama amenikubali. Athumani akaitikia kwa kichwa, akajikaza, akatamka: "Maji."

Watu wakacheka. Baba akasimama. "Mwanangu simpi mwendawazimu!"

Nikaozwa babu yako, mtu mwema. Athumani alifia Majengo, peke yake.

Nilipokwisha kuzaa, mwanachuoni mmoja alinambia kuwa asiyeweza kusema, ishara yake yatosha. Basi Athumani alinikubali, Rukia, mbele ya ukumbi mzima, na wenye masikio mazima hawakumsikia.

Akulinde Mola.

Bibi yako, Mwanaisha